Nani Aliyelirudisha Jina la Mwalimu Tumsifu?

Sogeeni karibu, wakubwa na wadogo. Kisa hiki nimekibeba kichwani tangu mwaka jana na kimenishinda kukitegua peke yangu, ndiyo maana nimewaletea. Sikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni nitanyamaza mimi na mtasema ninyi.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Anyosisye wa Tukuyu. Miaka ishirini na saba alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja kubwa, yule unayempigia akakuunganisha na unayemtaka. Haoni tangu utotoni. Lakini sikio lake! Ukizungumza naye leo, ukampigia tena baada ya miaka mitano, atakutaja jina kabla hujajitambulisha, kisha atakuuliza kama yule mbuzi wako aliyekuwa mgonjwa alipona. Kitu kikishaingia sikioni mwa Anyosisye hakitoki.

Wa pili ni Nyanzala wa Shinyanga, karani wa masijala. Kipaji chake ni kutunza. Nyanzala hatupi karatasi. Tiketi ya treni ya safari yake ya kwanza anayo, barua za shangazi yake anazo, na ukimwomba mojawapo atakuletea kabla chai yako haijapoa, kwa sababu kila kitu kipo kwenye faili na kila faili lina namba.

Wa tatu ni Shaame, muuza dawa wa Wete, Pemba. Kipaji chake ni kuaminiwa. Hana sauti kubwa wala hapendi mabishano. Lakini Shaame akisema hadithi fulani ni nzuri, watu mia tisa wanaisoma jioni hiyo hiyo. Akisema ni mbovu, hata aliyeiandika anaanza kuiona mbovu.

Watatu hao hawakuwa wameonana hata siku moja. Kilichowakutanisha ni mchezo wa redio.

Mchezo wenyewe uliitwa *Posta ya Chemchemi*. Ulirushwa kila Alhamisi kwa miaka tisa, ukihusu wafanyakazi wa posta ya mji mdogo wa kubuni. Ukakatishwa ghafla pabaya kuliko pote: tarishi amesimama mlangoni kwa karani mkuu, barua mkononi, na ndani ya barua ile mna jina la baba ambaye karani amemtafuta maisha yake yote. Tarishi akabisha hodi. Basi. Alhamisi iliyofuata wakapiga muziki.

Wasikilizaji wakakasirika, kisha wakafanya jambo zuri. Wakaunda kundi la simu, wakaliita Warithi wa Posta, wakaanza kuandika wenyewe yale ambayo redio haikuyamaliza. Kila mtu na mwisho wake. Hakuna aliyelipwa wala aliyetaka kulipwa. Walichokuwa nacho ni jina tu: fulani anaandika vizuri, fulani anachekesha, fulani ukimsoma andaa leso. Kanuni ya kwanza ya kundi, aliyoiandika Shaame mwenyewe kama msimamizi mkuu, ilikuwa na maneno mawili: "Andika chako."

Katika kundi hilo alikuwamo mwalimu wa shule ya msingi kutoka Korogwe, Tumsifu Mbwambo, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo. Alikaa miaka miwili akisoma tu bila kuandika. Halafu tarehe ishirini na mbili Mei, saa kumi na moja jioni, akatuma hadithi aliyoiita "Barua Isiyo na Stempu".

Watu walilia. Muuza nyama mmoja wa Tunduma aliandika kwamba amefunga bucha mapema kwa sababu hawezi kuhudumia wateja na macho mekundu. Shaame aliandika mstari mmoja: "Sasa tarishi amefika." Tumsifu akausoma mstari ule mara ishirini.

Akawa na jina. Shuleni kwake wakamkabidhi klabu ya uandishi ya wanafunzi. Watoto kumi na tisa wakajiandikisha wiki ya kwanza.

Ikapita Juni, ikapita Julai. Jumatatu moja ya Agosti mtu akatuma kwenye kundi picha ya ukurasa wa blogu. Mwenye blogu alijiita Kalamu Tulivu. Kichwa cha hadithi kilikuwa "Barua ya Mwisho", lakini ukianza kuisoma, ni ile ile ya Tumsifu, neno kwa neno, hadi nukta. Na juu yake imeandikwa tarehe: tisa Januari. Miezi minne kabla ya Tumsifu kutuma ya kwake.

Shaame akaweka kurasa mbili za mwanzo ubavu kwa ubavu, akazilinganisha. Hazikuachana hata kwa herufi. Akahisi kama mtu aliyealikwa harusini akagundua bwana harusi ana mke kwingine. Alikuwa amemsifu mwanamke huyu mbele ya watu! Akaandika: "Nimejiridhisha. Hadithi ya Mwalimu Tumsifu si yake. Aliyeiba maneno ya mwenzake hana nafasi kati yetu."

Tumsifu wakati huo alikuwa darasani anafundisha hesabu za sehemu, simu iko kwenye mkoba. Alipoifungua saa nane mchana alikuta ujumbe mia mbili na kumi na nne.

Akaandika: "Jamani, naapa hadithi ni yangu. Simjui huyo mtu."

Wakamwambia lete ushahidi. Tuoneshe ulivyoanza kuiandika.

"Niliandika kwenye simu, na ile simu iliangukia kwenye ndoo ya maji mwezi wa sita. Haikuwaka tena."

"Kwa hiyo ushahidi wako umezama?" mmoja akauliza, na watu wakaweka vikatuni vya kucheka, safu nzima ya skrini. Kabla hajajibu, msimamizi mmoja alimtoa kwenye kundi, na mada ikafungwa.

Tena kundi lile lilikuwa limewekwa ujumbe ujifute kila baada ya siku saba, simu zisijae. Hadithi zilizokamilika zilihifadhiwa kwenye jalada moja la pamoja. Kwa hiyo yale ya Mei yote, ya jioni ile ya machozi, yalikuwa yamekwisha kufutika.

Maneno hayabaki kwenye simu. Siku ya nne yalikuwa yamefika chumba cha walimu. Mwalimu mkuu hakumgombeza, alimwambia tu kwa upole, "Hiyo klabu, mwalimu, tuipumzishe kwanza." Upole ule ulimuuma kuliko kugombezwa.

Siku ya saba Tumsifu alikuwa anasahihisha insha za darasa la sita. Akakuta mbili zinazofanana kabisa. Akamwita msichana mmoja, Rozina, akamuuliza taratibu kwa nini amenakili ya mwenzake. Rozina akainamisha kichwa. Halafu akasema, bila ufidhuli wowote, kama mtoto anayeuliza njia:

"Lakini mwalimu, si hata wewe wanasema ulinakili?"

Tumsifu akafunga madaftari. Alimwambia Rozina arudi akakae. Jioni ile alikaa kwenye kigoda uani, blogu ile hana hata moyo wa kuifungua, akifikiri kwamba hataandika tena, na kwamba pengine aombe uhamisho.

Sasa turudi kwa wale watatu.

Anyosisye hasomi kwa macho. Simu yake humsomea kwa sauti. Wengine wote kwenye kundi, pamoja na Shaame, waliangalia kurasa za mwanzo za Kalamu Tulivu, wakaona zinafanana, wakahukumu. Anyosisye yeye aliiambia simu yake isome yote. Alikuwa anamenya viazi huku akisikiliza. Karibu na mwisho ikasoma: *Hapo akaingia Bibi Minza na fimbo yake yenye utepe wa kijani, akaruka foleni bila kumtazama mtu...*

Kisu kikasimama.

Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Bibi Minza. Fimbo. Utepe wa kijani. Akaiambia simu isome hadithi ya Tumsifu iliyoko kwenye jalada la kundi. Pale pale penye foleni ikasoma: *Hapo akaingia mama mmoja mwenye fimbo...* Hakuna Bibi Minza. Hakuna utepe.

Lakini sikio lake lilikuwa limeshalisikia jina lile, na alikumbuka lini. Alilisikia jioni ya Mei ishirini na mbili, Tumsifu alipotuma hadithi kwa mara ya kwanza. Asubuhi yake Tumsifu alituma nyingine akiomba radhi kwamba amerekebisha jambo dogo, na jina lilikuwa halimo tena. Ile ya kwanza ilidumu usiku mmoja tu.

Kisha akakumbuka na la pili, alilowahi kulisimulia Nyanzala mwenyewe kundini. Bibi Minza ni mama mzazi wa Nyanzala, yule karani wa masijala. Aprili alianguka bafuni akavunjika nyonga, na mwanawe akaanza kumpelekea hadithi za kundi ili asichoke kulala. Fimbo aliipata baada ya kuvunjika. Sasa mtu aliyeandika Januari alimjuaje Bibi Minza na fimbo ya Aprili?

Hapo Anyosisye alikuwa ameshika ncha ya uzi. Lakini nisiwafiche: aliishika siku tisa bila kuivuta. Alijiambia, nina nini mimi zaidi ya kumbukumbu? Watasema kipofu wa miaka sitini na mmoja amechanganya mambo. Siku ya kumi akaona heri achekwe kuliko kunyamaza. Akampigia Nyanzala.

"Shikamoo baba," Nyanzala akaitikia, "leo umenikumbuka?"

"Marahaba mwanangu. Niambie, mama yako aliwahi kuandikwa kwenye hadithi ya Mwalimu Tumsifu?"

Nyanzala akacheka. "Uuuh! Usinikumbushe. Mwalimu alimtia kama zawadi, kumchangamsha mgonjwa. Mama akakasirika mpaka uji ukamwagika. Anasema yeye hajawahi kuruka foleni tangu azaliwe. Ikabidi nimwombe mwalimu alitoe jina asubuhi yake."

"Unakumbuka tu, au una kitu cha kushika?"

"Baba, mimi ndiye Nyanzala," akasema. "Subiri."

Mama yake hapendi kusoma kwenye simu, maandishi humchezea. Kwa hiyo Nyanzala huchapa kila hadithi ofisini baada ya kazi, huandika tarehe juu kwa mkono wake, humpelekea mama, na ikisharudi huitoboa na kuiweka kwenye faili. Alikwenda kabatini, faili namba kumi na nne, akatoa kurasa sita. Juu: 22 Mei. Ukurasa wa tano, jina Bibi Minza limekatwa kwa kalamu nyekundu mara tatu, kalamu ikatoboa karatasi, na pembeni kwa mwandiko wa kikongwe aliyekasirika: *Mimi siruki foleni! Mwambie huyo mwalimu.*

Nyanzala alisimama pale na karatasi mkononi. Kumbe kwa miezi mitatu jina la mtu lilikuwa limelala kabatini kwake, na yeye anapita mbele ya kabati kila siku. Blogu ya Kalamu Tulivu hakuwa ameifungua hata mara moja. Aliona kuifungua ni kama kukubali kwamba rafiki yake ni mwizi.

Akapiga picha kurasa zile, akazituma kwenye kundi na maelezo. Hazikukaa hata dakika moja. Msimamizi wa zamu alizifuta: "Mada hii ilifungwa." Nyanzala akatuma tena. Akafutwa tena, na safari hii naye akatolewa. Miaka sita ya urafiki, ikaisha kwa kidole kimoja. Hakurudi nyuma. Akamtumia Shaame picha zile na maelezo yake moja kwa moja, na chini yake akaandika: "Kaka Shaame, sikuombi uniamini. Nakuomba usome mpaka ukurasa wa tano."

Shaame alikuwa dukani, anahesabu vidonge vya mteja. Aliposoma ukurasa wa tano hesabu ikampotea, akaanza upya, ikampotea tena. Mteja akaondoka na dawa yake, Shaame akafunga mlango, akafungua blogu ya Kalamu Tulivu, na safari hii akaisoma hadi mwisho. Bibi Minza yumo. Utepe umo. Akatazama ile tarehe ya Januari, akakumbuka jambo ambalo alilijua siku zote na hakuliuliza: kwenye blogu, tarehe huijaza mwenye blogu. Akitaka anaandika hata mwaka aliozaliwa.

Akapiga namba ya Nyanzala kule Shinyanga. Akapokea mwanamke mzee.

"Assalaam alaykum bibi. Mie naitwa Shaame, napiga kutoka Pemba."

"Shaame? Ndiwe yule uliyemwita mtoto wa watu mwizi?"

"Ndiye mie, bibi."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Basi mimi nakuuliza wewe. Hiyo fimbo nimenunuliwa Aprili, mjukuu wangu akaifunga utepe siku ya Pasaka. Huyo mwandishi wako wa Januari alikuwa mganga?"

Shaame akaomba radhi, akaaga. Alipokata simu alikaa juu ya kasha la dawa muda mrefu. Njia zilikuwa nyingi. Angeweza kumrudisha Tumsifu kimyakimya. Angeweza kusema "tumegundua", maana katika "tumegundua" hakuna aliyekosea. Angeweza pia kunyamaza kabisa, nani angejua? Karatasi ziko kwa karani aliyetolewa na kumbukumbu iko kwa kipofu wa Tukuyu.

Akafungua kundi, akabonyeza pa kurekodi. Watu hawakuwa wamewahi kusikia sauti yake. Alisema dakika kumi na moja. Aliisoma hukumu yake ya Agosti neno kwa neno. Akaeleza habari ya jina na fimbo, na nani aliyekumbuka na nani aliyetunza. Akasema: "Mie nilisoma kurasa mbili katika sita, nikamvua mtu jina lake. Mwalimu Tumsifu hakuiba. Aliibiwa, kisha sie tukamwita mwizi. Kuanzia sasa hivi mie si msimamizi tena, na kila mlichowahi kukiamini kwa kuwa Shaame kasema, kasomeni wenyewe upya." Akawarudisha Tumsifu na Nyanzala kundini, kisha akajivua usimamizi. Mchana ule ule akatafuta namba ya shule kule Korogwe, akamwomba mwalimu mkuu dakika tano, akamtumia na sauti ile.

Tumsifu alikuwa anakunja ramani ya Afrika darasani baada ya kipindi. Mwalimu mkuu akaja mwenyewe, anatembea haraka, simu mkononi, na kabla hajafika mlangoni akaanza kusema: "Mwalimu, klabu yako Ijumaa hii. Ijumaa hii hii!" Tumsifu hakuelewa. Akamsikilizisha sauti ya Shaame. Ilipofika dakika ya nne Tumsifu alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu, ramani ya Afrika mapajani, akacheka bila kuziba mdomo na machozi yakimshuka. Baadaye alisema hakuhisi furaha kwanza. Alihisi kama mtu aliyevua viatu vinavyobana baada ya safari ndefu.

Rozina aliusikia ukweli kutoka kwa mwalimu mkuu, mbele ya darasa zima. Kesho yake akaleta insha mpya, mbaya sana, imejaa makosa ya tahajia, ya kwake mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza. Tumsifu alimwandikia pongezi kwa wino wa bluu.

Na Kalamu Tulivu? Watu walipoanza kuisoma blogu yake kwa makini, wakakuta hadithi nyingine kumi na moja za watu wa kundi, zote zimerudishwa tarehe nyuma. Kabla ya jioni ukurasa wote ulikuwa umefutwa, umeachwa na maneno mawili, "Samahani sana." Mpaka leo hajulikani ni nani kati ya wale mia tisa.

Desemba, shule zilipofunga, Warithi wa Posta wakakutana Morogoro kwa mara ya kwanza, ukumbi wa kukodi, pilau na kachumbari. Watu walikuwa wanatambuana kwa sauti na kukumbatiana. Bibi Minza alikuja kwa gari la moshi na fimbo yake, na kila aliyemwona alimpisha mbele kwenye foleni ya chakula, naye kila mara akakataa kwa hasira. Shaame na Tumsifu walikutana mlangoni. Shaame alianza, "Mwalimu, mie..." Tumsifu akamwambia, "Nimeshasikia dakika kumi na moja, kaka. Njoo ule."

Baada ya chakula kikafunguliwa kifurushi kilichotoka Dodoma. Kimetumwa na Mzee Hinju, fundi wa sauti aliyestaafu, ambaye ndiye aliyetengeneza sauti zote za ule mchezo. Ndani yake mlikuwa na muhuri wa mti, mpini umeng'arishwa na miaka ya mikono. Kwa muhuri huo, mzee aligonga meza ya studio kila Alhamisi mchezo ulipoanza. Watu walipousikia ukigongwa pale ukumbini, wengine walisimama.

Na barua ikasomwa: "Nimesikia yaliyompata mwalimu. Muhuri huu nampa mtu aliyemrudishia jina lake. Mmoja tu. Usigawanywe, usipokezanwe kwa zamu, wala usiwe mali ya kundi. Mwalimu mwenyewe ndiye ataukabidhi."

Ukumbi ukawaka.

"Ni wa Anyosisye!" akasema yule muuza nyama wa Tunduma. "Tulikuwa watu mia tisa wenye macho, na asiyeona ndiye aliyeona. Bila yeye, karatasi ingeliwa na mchwa na Shaame angelala usingizi."

"Na zile siku tisa?" mwanamke mmoja akamjibu. "Ndani ya siku hizo tisa mtoto alimwambia mwalimu wake maneno yale. Mtu anayejua na kunyamaza ana tofauti gani na asiyejua? Muhuri ni wa Nyanzala. Kumbukumbu bila karatasi ni hewa. Tena yeye alifukuzwa, na hakukaa kimya."

"Nyanzala alitunza kwa sababu hutunza kila kitu," kijana wa nyuma akasema. "Hata tiketi za treni! Hakukusudia kumwokoa mtu. Lakini Shaame alijua anachokipoteza, akakipoteza. Wale wawili wangesema mwaka mzima, nani angewasikia?"

"Shaame!" muuza nyama akapiga meza. "Aliyekuvunja mguu akikupeleka hospitali utampa zawadi?"

"Wangapi waliovunja wenzao miguu unaowajua ambao waliwapeleka hospitali?" kijana akamrudishia.

Bibi Minza akagonga sakafu kwa fimbo. "Karatasi ni ya Nyanzala," akasema, "lakini kalamu nyekundu ilikuwa yangu." Ukumbi ukacheka, ila wako waliomtazama mara mbili, maana hakuwa anatania sana.

Wenye kugombewa wakaulizwa. Anyosisye akasema, "Nilichelewa, nalijua hilo. Lakini nilifika." Nyanzala akasema, "Mimi ningeupenda, siwezi kusema uongo. Nimeshaufikiria na namba ya faili." Shaame akasema hautaki, na mtu fulani akamnong'oneza jirani yake kwamba asiyeutaka ndiye anayeustahili, na jirani akanong'ona kwamba huyo ameanza tena kupendwa.

Tumsifu akasimama. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge, na uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu aliyelala vizuri wiki nyingi mfululizo. Akauchukua muhuri kwa mikono miwili. Watatu wamekaa safu ya mbele: Anyosisye ameelekeza sikio, Nyanzala ameshika mkoba wake kwa nguvu, Shaame anatazama viatu vyake. Mmoja alilikumbuka jina lake. Mmoja alilitunza. Mmoja alilichafua, kisha akalisafisha kwa kulitoa la kwake. Angekosekana yeyote kati yao, mwalimu huyu angekuwa leo anaomba uhamisho kwenda mji usiomjua.

Mimi mpaka hapa ndipo ninapopajua. Tumsifu amesimama, ukumbi umekaa kimya, muhuri uko mikononi. Haya, ninyi mlionisikiliza: mwambieni auweke kwenye mkono wa nani, na mwambieni kwa nini.